Nilipoitwa Yusta

Semeni, rafiki yangu tangu chuoni, alinipigia simu Jumanne asubuhi nikichambua mchicha, akasema kwa ile sauti yake isiyojua kuzunguka, "Mama amepumzika." Nikakaa kwenye kigoda. Nimeshazika watu wengi walio karibu nami kuliko yule mama, tena kwake nililala mara chache tu za ujana wangu, lakini nilikiweka kisu chini na sikukishika tena. Akaniuliza kama nitakuja. Kutoka Voi hadi Mufindi si mwendo wa kukurupuka, na magoti yangu siku hizi yana maneno mengi, kwa hiyo nilimwambia nitamjibu jioni. Kwa kweli magoti nilikuwa nayasingizia. Nilitaka kumuuliza nije kama nani, nikajizuia, kwa sababu Semeni naye hana jibu la swali hilo, na kwenye msiba watu wana kazi nyingine za kufanya. Nilikata simu, nikaacha mchicha ukinyauka mezani, na mwaka ule wote ukanijia na baridi yake.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha kilimo, Mbeya. Namna nilivyofika huko kutoka Kenya ni kisa kirefu chenye shangazi wawili ndani yake, na leo sikitaki. Itoshe kusema kwamba mimi ni mtu wa Voi, mahali ambapo mbuzi huanza kutafuta kivuli kabla ya chai ya asubuhi, na Mbeya ilinipiga baridi ambayo sikujua kwamba Mungu huwapa watu wa Afrika. Nililala na soksi na sweta langu la buluu. Nilichemsha maji ya kunawa uso, wenzangu wakanicheka. Na wakati huo huo nilikuwa nafundishwa adabu upya, maana kwetu mtu akitaka chumvi husema nipe chumvi, na huko nilipomwambia muuza duka nipe chumvi, alinitazama kana kwamba nimemkaba. Mimi na Semeni tulipanga chumba kimoja Ilomba, katika nyumba ya korido ambayo kuta za vyumba zilikuwa hazifiki kwenye bati. Semeni alikuwa Mhehe wa vilima vya Mufindi, mwembamba, mcheshi, anayepika wali wa mchele wa Madibira kwenye jiko la mkaa hadi korido nzima ikanukia na majirani wakaanza kukohoa mlangoni kwetu. Kwa kuwa kuta hazikufika juu, maneno ya kila chumba yalikuwa ya wote. Ndivyo nilivyosikia, alasiri moja nikiwa nimejilaza, Semeni akifua uani na kuongea na mama mwenye nyumba.

"Nikimsikia anacheka humo ndani, naacha ninachofanya," Semeni alisema. "Mpaka nikamuone uso ndo moyo unatulia."

"Kwani sura nayo?"

"Sura hapana, mama. Sura siyo yeye kabisa. Ila kicheko. Na anavyokishika kikombe kwa mikono miwili."

Nikasikia maji yakimwagwa, kisha mama mwenye nyumba akauliza, "Mama yako ameshamuona?"

"Bado."

"Basi usimpeleke."

Nilijua wananisema mimi, kwa kuwa chumbani nilikuwemo mimi peke yangu na nilikuwa nimetoka kucheka. Leo ningetoka nje na kuuliza. Lakini ujana una kiburi cha ajabu. Nilijiona nimefanana na mtu fulani wa maana, pengine mrembo wa kijiji, na ikanipendeza. Nilichofanya ni kunyamaza na kuanza kujichunguza ninavyokishika kikombe.

Msimu wa mvua ulipokolea, Semeni akaniambia twende kwao wikendi, nikaone ulanzi unavyogemwa. Darasani tulikuwa tumesomeshwa habari za zabibu na mvinyo wa nchi za mbali, na Semeni alikuwa akibisha kwamba huko kwao mvinyo unatoka kwenye mwanzi wenyewe, bila pipa wala kiwanda, unadondoka tu. Nilikuwa na hamu. Tulipanda basi Ijumaa asubuhi. Semeni, ambaye kwa kawaida angeongea na abiria wote hadi dereva, hakusema neno tangu Mbeya hadi Mafinga. Mafinga tulipata Fuso la mbao lililokuwa linarudi msituni tupu, tukakaa mbele na dereva, misonobari ikapita pande zote mbili, imenyooka, safu kwa safu, na chini yake giza la mchana. Tuliposhushwa njia panda na kuanza kutembea, ndipo aliponiambia. Alikuwa na dada yake mkubwa, Yusta. Yusta alikuja kwetu Kenya, Mombasa, kufanya kazi za ndani. Basi alilopanda kurudi nyumbani lilisombwa na mto uliofurika huko huko kwetu, na mwili wake haukuonekana.

"Baba mdogo anataka tuzike mgomba tuanue matanga," Semeni alisema. Desturi yao ndiyo hiyo: mwili ukikosekana hukatwa mgomba, ukavikwa, ukazikwa mahali pake, na wafiwa wakapumua. "Mama hataki. Anasema yeye hajaona maiti. Yaani amekaa tu hivyo, dada. Hasuki, haendi kwa watu, harusini haendi. Kila Ijumaa anamuwekea chakula."

"Na mimi nakuja kufanya nini?"

"Wewe wa huko. Umuelezee huo mto. Akisikia kwa mtu aliyeuona, labda atakubali." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Nakuomba, Mkawasi. Anaisha."

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na nilikubali kwa wepesi wa mtu asiyejua anachobeba. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Tulipita nyumba mbili tatu, na kila mahali nilipocheka au kukohoa watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mahindi chini ya upenu alivuta khanga akaziba mdomo. Hakuna aliyetuita tuingie, na hilo katika nchi ile lilikuwa jambo la kutisha kuliko matusi, kwa sababu watu wa huko humkaribisha hata mgambo aliyekuja kuwakamata. Nyumbani kwa akina Semeni mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kizingitini akimenya viazi, mwanamke mfupi, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi kilichopauka. Aliinua macho. Hakumtazama bintiye. Alinitazama mimi, akaendelea kumenya.

"Umechelewa," alisema. "Chakula kimepoa."

Mezani ilikuwepo sahani moja, imefunikwa kwa nyingine. Semeni, aliyezaliwa katika nyumba ile, alitafutiwa ya kwake baadaye. Nikafunua. Ulikuwa ugali, maharage, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Hatukuwa tumetuma salamu kwamba tunakuja. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijaja, na kilimani hakukuwa hata na simu ya waya. Ile sahani niliweza kuielewa, maana nilikuwa nimeambiwa habari za Ijumaa. Kilichonisimamisha tonge mkononi ni kwamba mboga haikuwa na kitunguu. Mimi sili vitunguu tangu utoto. Semeni alijua, lakini Semeni alikuwa nami safarini. Nikamtazama, naye akatikisa kichwa polepole, yaani hakumwambia mtu. Mama alikuwa mlangoni, mgongo wake kwetu. "Kula," alisema. "Vitunguu sijaweka."

Nilipewa chumba cha Yusta. Kilikuwa kidogo, kimesakafiwa kwa udongo uliosilibwa upya, kitanda cha mbao za Sao Hill, na kalenda ya mwaka uliokwisha zamani bado ukutani. Shuka zilinukia moshi na jua, yaani zilifuliwa juzi au jana. Jioni ile nilisikia mama na mwana wakiongea jikoni kwa Kihehe. Sikuelewa ila jina Yusta, Yusta, na sauti ya Semeni ikipanda, halafu mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeambiwa jambo la kitoto. Semeni alipokuja kulala nilimuuliza kama amemwambia mimi ni nani.

"Nimemwambia wewe ni Mkawasi, mwanafunzi mwenzangu, umetoka Kenya."

"Akasemaje?"

"Amesema anajua ulikuwa Kenya."

Jumamosi asubuhi mama alinipeleka kwenye mianzi. Nimeona mashamba mengi katika kazi yangu, lakini sijaona mahali kama pale. Mianzi ilisimama kwa mafungu makubwa, vichwa vimepotea ukunguni, na kila fungu lilikuwa likijisugua lenyewe na kulia, ingawa upepo haukuwepo. Kwenye machipukizi yaliyokatwa ncha zilining'inia mbeta, ambazo ni vipande vya mwanzi vinavyotumika kama vikombe vya kukingia, na humo utomvu ulikuwa ukidondoka, huku na kule, kila mmoja kwa mwendo wake. Ukifumba macho ungedhani watu wengi wanatembea karibu nawe kwa tahadhari. Mama alinieleza kazi kwa maneno machache, kama unavyomkumbusha mtu jambo alilolisahau kidogo. Chipukizi halitoi kitu siku ya kwanza. Huchanwa kidogo asubuhi na jioni, siku kadhaa, hadi lizoee kisu. Ndipo hulia. Niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimepanga kwamba tukiwa peke yetu ndipo nitakapotimiza ahadi, nikavuta pumzi.

"Mama, ule mto wa kwetu—"

"Ulikuwa na maji mengi," alisema. "Najua. Shika kisu."

Alinisimamisha mbele ya fungu lililokuwa pembeni. Mianzi yake ilikuwa imekomaa yote, imesongamana, haina alama ya kisu. "Lako," alisema. "Sijaruhusu mtu aliguse." Kati ya mianzi ile minene kulikuwa na chipukizi moja la msimu ule. Akaniinamishia. Nikakata ncha, kipande chembamba, na kabla sijatoa kisu utomvu ulikuja, tone, tone, halafu uzi mzima, ukanilowesha kiganja. Nikatazama pale nilipokata. Chini ya mkato wangu kulikuwa na makovu ya kisu, makavu kidogo, ya siku kadhaa. Mtu alikuwa amelizoesha lile chipukizi tangu wiki iliyopita, wakati mimi bado sijaalikwa, na Semeni mwenyewe hajajua kwamba ataniomba. Nimesoma sayansi ya mimea, nimeifundisha hadi kustaafu, na mambo mengi niliyoyaona ujanani nimeyapatia maelezo. Hili sijalipatia. Nililamba kiganja. Ulikuwa mtamu, baridi, na una ladha ya majani mabichi.

Mchana ule majirani walianza kuja. Hakuna aliyewaita. Walikaa uani kwenye mabenchi ya mabanzi, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na baba mdogo akiwa katikati, mzee mrefu mwenye koti la jeshi lililokwisha rangi. Ulanzi ulikuja kwenye ndoo: mtogwa, ule mtamu wa asubuhi ile, na mkangafu wa juzi, ulio mkali. Sasa, jambo moja nilikuwa nimelijua tangu Mbeya, kwa sababu Semeni alinifundisha mapema. Mgeni hapewi kinywaji hivi hivi. Mwenyeji huonja kwanza mbele ya macho yake, ndiyo kutoa sumu, halafu humkabidhi. Mgeni asiyeonjewa hukirudisha kikombe kwa adabu, akaomba aonjewe, na hakuna anayekasirika. Mama alichota mtogwa, akaja hadi mbele yangu, akanipa kikombe kimejaa hadi ukingoni. Hakuonja. Watu wakageuza shingo. Nikawaza: amesahau, ni mtu mzima mwenye majonzi, na mimi nikikirudisha nitamwaibisha mbele ya kijiji kizima. Kwa hiyo nilikishika kwa mikono miwili, kama ninavyoshika siku zote, nikanywa.

Mwanamke mmoja alipiga kelele fupi. Baba mdogo alivua kofia. "Amekunywa," alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu. "Haya. Mama Yusta amempa bila kuonja na yeye amekunywa. Nani atasema neno tena?" Ndipo Semeni alipojikunyata kando yangu na kuninong'oneza kile ambacho tulipokuwa Mbeya hakuwahi kuona haja ya kunieleza. Mtoto wa nyumbani haonjewi. Mama hatoi sumu kwenye kikombe cha mwanawe. Kwa kuogopa kumwaibisha, nilikuwa nimekubali mbele ya mashahidi kwamba mimi ndiye Yusta, na nimerudi. Na lile tumaini la kuzika, lile Semeni alilonileta nilisaidie, nilikuwa nimelinywa lote.

Nilipaswa kuogopa tu, na niliogopa. Nywele zilinisimama jioni ile yote watu walipokuwa wakija kunishika mkono mmoja mmoja, wakinisalimu kwa lugha yao, Kamwene, Yusta, mikono yao baridi na mikavu. Lakini nitasema na lile jingine, kwa kuwa nimeshazeeka na sina wa kumwonea haya. Nilifurahi. Mwaka mzima nilikuwa mgeni: mgeni darasani, mgeni sokoni, mgeni wa lugha ninayoijua tangu kuzaliwa. Pale nilipewa kiazi kikubwa kuliko wote. Mama alinipaka mafuta miguuni, kwenye nyufa za baridi, bila kuniuliza kama zinauma. Nilianza kuitikia nikiitwa. Mara moja niliitikia kabla sijaitwa, nikageuka, na mama alikuwa ndiyo kwanza anafumbua mdomo.

Jumapili asubuhi sikuona viatu vyangu. Mama alikuwa amevifua na kuvitundika juu ya moto, vinadondosha maji. "Havijakauka," alisema. "Utaondokaje?" Nikasema tuna mtihani, tuna chuo. "Vitakauka," alisema, huku akiongeza maji kwenye sufuria, bila haraka yoyote, na niliuona uso wake ulivyotulia. Ulikuwa uso wa mtu ambaye hatangoja tena. Semeni alisimama nyuma yake, analia bila sauti. Nikaelewa kwamba tukiondoka hivi, mama huyu ataanza upya, naye safari hii atakuwa anamngoja mtu aliyemwona kwa macho yake, na hakuna mgomba utakaozikwa maisha yake yote. Na nikibaki, sijui. Sijui ningekuwa nani leo.

Watu walipotoka kanisani walipitia tena uani. Mama akachota, akaniletea kikombe, hakuonja. Nilikipokea. Nikapiga goti kama nilivyoona wasichana wa pale wanavyofanya, nikamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama," nikasema, "naomba unionjee."

Mianzi nadhani iliacha kulia. Mama hakukipokea. Alinitazama kwa muda mrefu, kwanza kwenye nywele, kisha kwenye paji la uso, kisha mdomo, kana kwamba ananiondolea kitu kimoja kimoja. Baba mdogo alitaka kusema, mama akamnyamazisha kwa mkono.

"Wewe ni wa kule," alisema mwishowe. "Ule mto. Maji yake ni ya baridi?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza mafuriko, daraja, nguvu ya maji. Hilo sikulitegemea. Lakini jibu nilikuwa nalo, kwa sababu nimeogelea mito ya kwetu tangu utoto. "Hapana, mama. Kwetu ni joto. Maji yana uvuguvugu, hata wakati wa mvua."

"Hata wakati wa mvua."

"Ndiyo, mama. Hakusikia baridi."

Akapokea kikombe. Akakiinua, akaonja, nikaona koo lake likimeza. Kisha akanipa. "Karibu, mgeni," alisema. "Unaitwa nani, mwanangu?" Mwanangu ni neno ambalo huko hata muuza vocha huitwa, halina uzito wowote. Nikasema jina langu, na lilinitoka vibaya, kama jina la mtu ninayemjua kwa mbali. Mama akageuka kwa baba mdogo, akamwambia akate mgomba, akate leo, kabla hajabadili nia. Halafu akakaa chini pale pale, akatoa kilio chake cha kwanza tangu habari zile zifike, na wanawake wote wakamwitikia. Mimi nilibaki nimesimama na kikombe. Nililia pia, na watu walifikiri nina huruma.

Nilibaki kuzika. Mchana ule ule waliukata mgomba nyuma ya nyumba, mnene, wa kimo cha msichana, na mama akaingia nao chumbani na wanawake wenziwe kuuvika. Ukungu ulirudi tulipofika kaburini. Walipoushusha, khanga ya juu ilifunguka kidogo upande wa bega, na ndani yake nikaona mkono wa sweta la buluu lenye kiraka cha kijani kwenye kiwiko. Lilikuwa langu, nilikuwa nimelitafuta asubuhi yote nikadhani limebaki kule mianzini. Niliinua macho. Mama alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo ya shimo, macho makavu sasa, na hakuyaondoa. Sikujua humo shimoni anamzika nani, Yusta au Mkawasi; nilingoja moyo uniambie niseme kwamba sweta ni langu, haukuniambia. Baba mdogo akatangaza kwamba mgeni wetu kutoka Kenya naye atatupa udongo. Nikasogea, nikatupa udongo wangu, nikaenda kukaa na wageni.